Siku Saba za Kulaza Seli

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza kwenye kibanda cha mama, pale kituo cha Kawangware 46, kabla ya kwenda nyumbani kuvua sare. Mama yangu, Nanyama, ni fundi wa betri. Usishangae. Watu wengi hushangaa, halafu humwuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Mama huwaambia wakae kwenye benchi wamngojee, kisha huendelea na kazi yake mpaka waelewe wenyewe.

Betri ya laptopu ikichoka, watu huitupa. Ndani yake mna seli sita au nane, kila moja ina unene wa kidole gumba, na mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili tu. Nyingine bado zina uhai. Mama huzitoa, huzipima, na zile nzima huziunga pamoja ndani ya boksi la plastiki. Stima ikipotea, na mtaani kwetu haina adabu ya kubisha hodi kabla ya kupotea, boksi hilo huendesha mashine ya kinyozi, huwasha taa na kuchaji simu.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya mteja yeyote, hata mwenye haraka ya namna gani. Seli ikishajaa, aliipima kwa mita na kuandika namba juu ya ngozi yake kwa kalamu nyeusi. Kisha aliilaza kwenye trei ya mayai siku saba, bila kuitumia wala kuichaji. Siku ya saba seli ilipimwa tena, na namba ya pili ikaandikwa chini ya ile ya kwanza. Iliyoshuka kidogo ilipita. Iliyoshuka sana ilitupwa kwenye ndoo ya mchanga. Mafundi wengine hawakulaza seli hata usiku mmoja. Walimcheka mama wakamwita daktari, na kila asubuhi walimwuliza wagonjwa wa wodini wameamkaje.

Sababu ya sheria hiyo tulielezwa na Anti Celine. Tunasali naye kanisa moja, na anasoma chuo kikuu, ambako kazi yake ni kutengeneza unga mweusi unaopakwa ndani ya betri. Siku moja alikuja kibandani na kipande cha karatasi nyembamba ya madini, upande mmoja umepakwa unga huo. Aliniambia nichukue unywele wangu mmoja, niwaze nimeupasua kwa urefu wake vipande elfu moja. Kipande kimoja, akasema, ndicho unene wa chembe moja ya unga anaoutengeneza yeye. Nilidhani ananitania.

Hakuwa akitania. Alinieleza kwamba kila unapochaji betri, madini yanayoitwa lithiamu huingia ndani ya chembe hizo, na kila unapoitumia hutoka. Chembe huvimba na kunywea, huvimba na kunywea. Zikiwa kubwa hupasuka mapema. Zikiwa ndogo sana huvumilia, na ndiyo maana yeye hashughuliki na kitu kingine maishani. Seli ikizeeka au ikiteswa, lithiamu hukosa njia ya kuingia. Hubaki nje ya chembe, ikaota kama vijisindano, na vijisindano hivyo hutoboa utando uliotenga upande huu na ule.

"Siku hiyo mita haitaona kitu," Anti Celine alisema. "Itakuonyesha seli imejaa. Lakini ndani inavuja polepole. Macho hayaoni, hata hadubini ya shuleni kwenu haioni. Siku saba ndizo zinazoona."

Basi nilijua. Ninasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma baadaye akadhani sikufundishwa.

Nilipofika Gredi ya Nane, mama alinipa kazi ya kupima mara ya pili. Yeye aliandika namba ya juu, mimi ya chini. Nilivimba kichwa, nisikudanganye. Wateja waliletewa maboksi yenye mwandiko wangu, na mama aliwaambia namba hizo zimepimwa na binti yake.

Sasa nikuambie kuhusu Bridgit. Zamani tuliishi Lindi, kule Kibera, mlango kwa mlango na kina Bridgit. Sisi tulihama, wao wakabaki. Baba yake, Boaz, ana kinyozi, yaani duka la kunyolea, pale pale Lindi. Bridgit alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukigawana kiatu kimoja cha kuchezea, mmoja akipiga mpira na mwingine akingoja zamu. Yeye alikua akawa mlinda lango. Si mlinda lango wa kujaribu jaribu. Mikono ya Bridgit ilikuwa na gundi. Wasichana wa Lindi walipofika fainali, alinipigia simu kwa simu ya baba yake akasema nisipokwenda atanikana mbele za watu. Mechi ilikuwa Jumamosi saa nane, na kocha wa shule moja ya upili ya wasichana angekuja kutafuta wachezaji.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na kazi Riruta. Aliniachia seli thelathini na mbili zilizotimiza siku saba, akaniambia nikimaliza kuzipima ninaweza kwenda kwenye mpira wangu. Kupima seli moja vizuri kunataka utulivu. Unaisafisha kichwa, unashikiza nyaya, unangoja namba itulie, unaandika. Kisha nyingine. Nilianza nimechelewa kwa sababu nilifua kwanza, na nilifua kwa sababu nilikuwa nimeahirisha kufua tangu Jumatano. Uvivu una watoto wengi.

Nilipima seli nne. Zote zilikuwa zimeshuka kidogo sana, hapa milivolti mbili, pale tatu, kama ilivyokuwa wiki iliyotangulia na ile ya kabla yake. Nikaangalia saa. Nikaangalia trei. Nikajiambia kwamba seli za mama huwa nzuri siku zote, na kwamba ninajua namba zitakazokuja, kwa hiyo kuzipima ni kupoteza wakati tu.

Nikaziandika zile ishirini na nane kutoka kichwani. Haikuchukua hata dakika kumi. Na sikuandika ovyo. Nilibadilisha badilisha, hii nikaishusha mbili, ile tatu, moja nikaishusha nne, ili mama asione zinafanana. Mjinga hudanganya kwa haraka. Mimi nilidanganya kwa bidii. Kisha nikatoka mbio, nikavuka Ngong Road, nikafika Lindi mpira ukianza.

Bridgit alidaka penalti mbili. Yule kocha aliandika jina lake na jina la baba yake kwenye daftari, akasema atawapigia. Bridgit alinikumbatia akaniambia nilikuwa nimemletea bahati.

Kutokana na seli zile mama alitengeneza maboksi matatu. Moja alilinunua Boaz kwa ajili ya kinyozi. La pili lilikwenda Riruta kwa Mzee Muiruri, anayeangua vifaranga kwa mashine. La tatu alilichukua nyanya mmoja jirani, ambaye chumba chake kiko nyuma ya kibanda chetu, na anaishi humo na mjukuu asiyejua hata kutembea.

Wiki tatu zilipita salama. Nikaona nimekuwa mjanja.

Jumatano ya wiki ya nne, saa kumi alasiri, boksi la Boaz lilikuwa likichaji kwenye rafu. Bridgit alikuwa akifagia nywele, na mtoto mdogo alikuwa kwenye kiti ananyolewa. Boksi likaanza kutoa sauti kama sufuria inayotaka kuchemka, kisha moshi. Boaz aliruka akamnyanyua mtoto. Bridgit alichomoa waya, akalikumbatia boksi, akakimbia nalo mlangoni ili alitupe nje. Lililipuka kabla hajaliachia. Kama asingelitoa, Lindi ingeungua, kwa maana huko nyumba hazina hata nafasi ya kupitisha paka katikati. Kila mtu alisema hivyo, na ni kweli.

Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole.

Mama alirudi kutoka hospitalini. Aliweka kiti mbele ya meza yake ya kazi akakaa bila kushika kitu. Kuanzia kesho yake maneno yalianza kuja kutoka Lindi mpaka kwetu. Kwamba Nanyama anaokota takataka anauzia watu. Kwamba mwanamke alikosa kazi ya kufanya akacheza na moto. Wateja wakaanza kurudisha maboksi ya zamani, hata yaliyofanya kazi miaka miwili bila tatizo. Wale mafundi waliomwita daktari waliacha kumtania, na hilo lilikuwa baya kuliko kutaniwa.

Kisha Muigai akaja. Muigai ndiye mwenye ploti. Si mtu mbaya. Aliongea akiangalia chini.

"Mama Nabwire, mimi sina kinyongo na wewe," alisema. "Lakini hapa ni mabati na mbao. Moto ukishika kwako, umeshika kwa wote. Tafadhali, mwisho wa mwezi unipatie kibanda."

Mama alimjibu kwamba ameelewa.

Nami nilinyamaza. Nilinyamaza siku kumi na moja. Usiku nilikuwa nikilala nimeziba masikio, mchana nikienda shule na kujibu maswali darasani kama mtu asiye na jambo. Niliogopa Bridgit angejua. Hicho tu ndicho nilichoogopa. Maboksi mengine mawili yalikuwa yakichaji katika nyumba za watu, na mimi niliyejua nilikuwa nikihofia kupoteza rafiki. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wangu alizaliwa kabla sijatimiza miaka kumi na minne.

Jumamosi Anti Celine alileta mabaki ya lile boksi, aliyopewa na Boaz. Aliyapanga mezani. Seli kadhaa hazikuungua sana, na mwandiko ulisomeka. Aligeuza moja baada ya nyingine, akamwuliza mama maswali kuhusu nyaya, kuhusu chaja, kuhusu jinsi alivyounga. Mama alijibu yote. Mwishowe Anti Celine alikiri kwamba haoni kosa. Namba zilikuwa nzuri, na kazi ilikuwa safi.

"Basi ni mimi," mama alisema. "Labda siku saba hazitoshi. Labda miaka yote hii nilikuwa najidanganya na trei zangu za mayai."

Akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amempigia kaka yake simu Bungoma na kwamba tutarudi nyumbani shule zikifungwa. Anti Celine alimwuliza kuhusu maboksi mengine ya wakati ule. Mama alitikisa kichwa. Alisema hayo hana wasiwasi nayo, kwa kuwa ameangalia daftari lake na namba za pili zilikuwa nzuri zote. Binti yake alizipima.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Aibu ilinipanda kama homa.

"Mama, sikuzipima," nilisema. "Nilipima nne tu. Nyingine nilizitunga."

Mama aliniangalia. Nilingoja kofi, na kweli nililitaka, kwa sababu kofi huuma mara moja tu. Hakunipiga. Aliniuliza ngapi, nikamwambia ishirini na nane. Akasimama, akachukua mita, akamwambia Anti Celine abebe ndoo ya mchanga.

Tulianza kwa yule nyanya jirani kwa sababu ndiko karibu. Boksi lilikuwa chini ya kitanda, linachaji. Juu ya kitanda mjukuu wake alikuwa amelala chali, ngumi amezifunga. Mama alipiga magoti, akachomoa waya, akaweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa na joto ingawa lilikuwa limeshajaa, na hakuna aliyekuwa amelitumia tangu asubuhi. Alilibeba nje akiwa amenyoosha mikono mbali na mwili, akalifungua kwenye uwanja mtupu wa nyuma. Kati ya seli zake, moja ilikuwa inavuja vibaya sana, namba yake ikishuka kwenye mita huku tukitazama. Juu ya ngozi yake kulikuwa na mwandiko wangu mzuri unaosema imeshuka mbili tu.

Mama aliizika kwenye mchanga. Alimweleza nyanya ukweli wote, mbele yangu, bila kunificha na bila kuniongezea. Yule nyanya aliingia ndani akamchukua mjukuu wake, akatoka naye, akasimama amembeba mpaka tulipoondoka.

Boksi la Riruta tulilichukua tukazilaza seli zake, na siku saba baadaye zilionekana nzima. Kila seli. Mzee Muiruri alishangaa kwa nini tumemsumbua, na vifaranga wake waliendelea kulia kwenye katoni.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Lindi. Mama alisema yeye ataongea kuhusu boksi, lakini kuhusu namba nitaongea mimi. Bridgit alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Boaz alikataa kutukaribisha chai. Nilisimama nikasema. Sikumbuki vizuri nilianzaje, ila nilimaliza yote, trei na saa na zile namba ishirini na nane.

Boaz aligeuka akatazama ukuta. Ni Bridgit aliyeniuliza.

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi ya fainali."

"Kwa hiyo uliziacha ndiyo uje kuniona nikidaka."

Nilimwambia ndiyo.

"Ungebaki," Bridgit alisema. "Ungebaki tu."

Hakusema neno lingine siku hiyo, na mpaka leo hajaniambia mengi zaidi ya salamu tukikutana. Bendeji ilitoka. Vidole viwili vimejikunja na havinyooki, na daktari amesema vitahitaji kupasuliwa, pengine zaidi ya mara moja. Yule kocha alipiga simu. Boaz alimweleza, naye akasema pole.

Boaz, nimpe haki yake, alifanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alizunguka Lindi nzima akiwaendea wale aliokuwa amewaambia kwamba Nanyama ni mwizi, akawaeleza kwamba kosa halikuwa la mama. Alikuja mpaka kwa Muigai akamweleza. Kwa mama alisema kwamba jina ameweza kulirudisha, lakini mkono wa mtoto wake hawezi kuurudisha kwa maneno. Muigai alikubali tukae, kwa sharti kwamba seli zote zichajiwe nje, kwenye banda la matofali ambalo mama mwenyewe alilijenga. Wateja walirudi mmoja mmoja. Wengine hawakurudi.

Sasa mama hupima mwenyewe mara ya pili, na Anti Celine akija Jumamosi huchagua seli tano bila kuangalia akazipima mara ya tatu. Mimi nafagia, nabeba mchanga, nasafisha vichwa vya seli. Wiki ya kwanza nilifanya hivyo bila kuinua uso. Jioni moja, tukifunga kibanda, mama aliniambia nikae kwenye benchi.

"Na mimi nina langu," alianza. "Nilimpa mtoto kazi ya kulinda nyumba za watu, na sikurudi nyuma yake kukagua hata seli moja. Hilo nitalibeba mimi. La kwako ni hili. Siku ile ulichoka, au ulikuwa na haraka, na hilo si dhambi. Ungeacha seli zile bila namba ya pili, jioni ningeona mahali patupu, ningekugombeza, ningepima. Basi. Mahali patupu hapajawahi kumchoma mtu. Usipojua jambo, liache wazi, useme sijui. Ukiandika usichokipima, umewaambia watu walale karibu na moto, nao watalala kwa sababu wanakuamini."

Nilimwambia nimeelewa. Kisha nikamwuliza lile swali nililokuwa nalo tangu Jumamosi ile, kama amenisamehe.

"Nilikusamehe pale pale uliposema," mama alijibu, akifunga kufuli. "Lakini kukuamini ni kazi nyingine, Nabwire. Hiyo siwezi kukufanyia mimi."